Kitambaa cha Heshima kwenye Friji ya Damu

Juzi nilikuwa katika hospitali ndogo karibu na Nyamira, nikingojea damu ya kumwongezea dada yangu aliyekuwa amejifungua kwa shida. Muuguzi akaniambia damu yote imemwagwa. Friji ilizima Jumapili, na kompyuta ya ofisini haikupata habari.

Kando ya friji hiyo, fundi kutoka Kisii alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku alichokiunda mwenyewe, kinachopima baridi ya friji na kutuma vipimo kwa waya hadi kwenye kompyuta. Kwa wiki tatu mawasiliano yamekuwa yakikatika.

"Nimebadilisha waya, nimebadilisha plagi, nimechomelea upya kila kiungo," alisema. "Nikiwa hapa haikatiki!"

Mama wa usafi akaingia. Akaokota sakafuni kitambaa cheupe cha kufuma, akakikung'uta, akakitandika juu ya kisanduku, akanyoosha pembe zote nne.

"Mama, hii unaweka kila siku?" fundi akamuuliza.

"Kila asubuhi. Kitu ya maana haikai uchi."

Fundi hakukitoa. Tulingoja karibu nusu saa. Taa ya mawasiliano ikafifia, ikazima. Akagusa kisanduku, akarudisha mkono haraka: kilikuwa cha moto, kitambaa kimeziba matundu yake ya hewa.

"Wewe ukija unaitupa chini," mama akasema. "Wiki tatu, hujaniuliza ni ya nani."

Fundi alikikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

Damu ililetwa kutoka Kisii jioni, ikamkuta dada bado anapumua. Niliporudi nyumbani niliiangalia redio yangu. Imefunikwa kitambaa kama kile. Alikifuma dada.