Dawa ya Wadudu

Kutoka Voi nilisafiri nimebanwa kati ya gunia la mahindi na mzee mwenye kuku wawili, na kila treni iliposimama mzee yule aliniuliza kama tumefika. Nairobi askari walitushusha, wakatupanga ukutani na kutazama vipande vyetu vya utambulisho. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na mtu hakuweza kwenda chooni bila kuulizwa anatoka wapi.

"Mtaita," askari mmoja alisema akisoma kipande changu. "Unaenda Nakuru kufanya nini?"

"Kutafuta kazi."

"Kwenu hakuna kazi?"

Swali hilo lilinikera kwa sababu kazi kwetu ilikuwepo. Nilikuwa nimeiacha, kama nilivyoiacha ile ya kabla yake. Tangu nimalize shule ya sekondari nilikuwa sijakaa mahali nikaona misimu miwili ya mvua. Treni ikapanda milima kwa kukohoa, ikateremka bondeni, ikapita Naivasha na Gilgil kwenye baridi iliyonifanya nimwonee wivu mzee kwa kuku wake. Niliposhuka Nakuru upepo ulikuwa umechota magadi ya ziwani na kuyamwaga juu ya mji mzima. Salamu yangu ya kwanza huko ilikuwa kupiga chafya.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya kupiga chafya pia. Ilikuwa katika maabara ndogo ya pareto, karibu na reli. Maua makavu yaliletwa kwa magunia kutoka Molo na Njoro, tukayasaga, tukayaloweka kwenye spiriti yenye harufu ya petroli, tukachuja na kupima nguvu ya dawa iliyotoka. Mkuu wetu alikuwa Mzungu mrefu, mkemia, mtu mwema mwenye haraka, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na nomino nyingi na vitenzi vichache. Kwa kuwa alivaa koti jeupe, mji mzima ulimwita daktari.

Mlangoni tuliuza pakiti za unga wa pareto, uliochanganywa na udongo mweupe wa Kariandusi ili uenee vizuri. Uliua chawa, kunguni na viroboto. Juu ya mlango kulikuwa na ubao: DAWA YA WADUDU. Yeyote aliyeuandika hakufikiri sana.

Kwetu mdudu ni mdudu na mnyoo ni mnyoo. Nakuru nilikuta kila kisichoonekana vizuri ni mdudu. Kulikuwa na wadudu wa meno, wadudu wa tumbo, wadudu wa macho, wadudu wa ng'ombe, na bwana mmoja aliyedai ana mdudu anayetembea mgongoni wakati wa mvua tu. Wote walikuja mlangoni kwetu. Nilikuwa nimesoma kemia ya shule kwa fimbo na machozi, na sasa nusu ya siku yangu ilikwisha nikimwambia mtu mzima afunge mdomo, sitaki kuona jino lake.

"Si mmeandika wenyewe?" waliniuliza, na kidole juu kwenye ubao.

Siku moja mkemia alisimama nyuma yangu akisikiliza.

"Huyu sema nini?"

"Anasema ana wadudu tumboni, bwana. Nimemwambia hii si dawa ya tumbo."

"Kwa nini si dawa ya tumbo?" akasema, macho yakimng'aa, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza.

Alikuwa amesoma mahali kwamba pareto huua minyoo. Tatizo, alinieleza, ni tumbo lenyewe. Ukiimeza hivi hivi utaitapika, na usipoitapika, maji makali ya tumbo yataiharibu kabla haijafika kwa minyoo utumboni. Kwa hiyo dawa ilihitaji koti. Akakanda vidonge kwa pareto na udongo wa Kariandusi, akanipa lakiri iliyoyeyushwa kwenye spiriti, nikavipaka, nikavikausha, nikavipaka tena, mpaka vikang'aa kama vifungo vya koti la askari. Tulikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa na maji makali, hilo ndilo tumbo. Nyingine ilikuwa na maji ya magadi, huo ndio utumbo. Kidonge kilikaa kwenye chupa ya kwanza bila kutikisika, kikaporomoka kwenye ya pili. Mkemia alinipiga bega.

"Sasa mbwa," akasema.

Mbwa wawili walifungwa nyuma ya maabara, na kazi ya kuwamezesha vidonge ilikuwa yangu. Kuangalia kilichotoka pia ilikuwa yangu. Mbwa hakusoma kitabu cha mkemia. Koti likiwa jembamba, alitapika povu juu ya viatu vyangu. Likiwa nene, kidonge kiliingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kizima kabisa, kinang'aa, kama kilichotolewa kwenye kopo sasa hivi. Kila asubuhi, mimi mwenye cheti cha sekondari, nilichutama na kijiti kuchambua mavi ya mbwa. Nikikipata kidonge nilikiosha, nikakiweka kwenye kisahani na kumpelekea bwana. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nzuri sana," alisema. "Haikuvunjika hata kidogo."

"Hilo ndilo tatizo, bwana."

"Ndiyo, ndiyo. Paka moja tena."

Nilikaa kwenye landi ya wafanyakazi, safu ya vyumba vya mabati, na chumba cha pili alikaa mama mmoja kutoka Kakamega. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba la Mzungu huko Ndabibi na alirudi mwisho wa mwezi. Walikuwa na binti mdogo ambaye miguu yake ilikuwa kama mabua na tumbo lake kama ngoma.

"Karani," mama yule aliniita jioni moja nikipita na ndoo, "leo unanuka nini?"

"Kazi."

"Kazi ya nani? Ya fisi?"

Kwa hasira nikamweleza kila kitu: vidonge, lakiri, minyoo, mbwa. Alisikiliza akiwa ameacha kupepeta mtama.

"Hiyo dawa inapita tumbo bila kutapika?"

"Ikikubali."

"Huyu yangu anatapika zote," alisema, akimvuta binti karibu. "Dispensari walimpa mafuta ya uchungu. Akatapika kwa viatu ya dresa, yule wa kufunga vidonda. Dresa akatufukuza. Karani, nilishazika moja. Tumbo ilikuwa hivi hivi."

Nikamwambia vidonge vyetu ni vya mbwa, na hata mbwa vimemshinda. Tangu siku hiyo hakuniamkia tena kwa kuniuliza habari yangu. "Habari ya mbwa?" aliuliza kupitia ukuta wa mabati, kabla sijavaa suruali. Jioni, "Mbwa amekula? Ametapika?" Wanawake wa landi walicheka, yeye hakucheka. Nilichukia kuulizwa. Usiku nilimsikia mtoto akijikunja na kulia kwa sauti ndogo, na nilijikuta nikifikiria mafuta ya mbarika, kama yangelainisha lile koti.

Nilimwambia bwana habari ya mafuta ya mbarika, naye akasema alikuwa akifikiria hilo hilo, jambo ambalo sikuliamini. Tukayatia kwenye lakiri mbichi. Baada ya muda mmoja wa mbwa, yule mwekundu, alitoa minyoo fungu zima. Mkemia alicheza kama mtoto, akapiga teke ndoo. Niliona nafasi yangu.

"Bwana, kuna mtoto pale landi."

Uso wake ukabadilika. "Hapana. Hii ya mbwa. Mtoto lazima kwanza andika barua Nairobi, daktari wa kweli angalia, pima nguvu. Labda mwaka kesho. Labda mbili."

Najua alikuwa sahihi. Hata wakati huo nilijua. Lakini jaribu kuupeleka usahihi huo kwenye landi, uupitishe kwenye ukuta wa mabati.

"Habari ya mbwa?" mama aliuliza.

Sikuweza kumdanganya. "Amepona."

Kesho yake alikuwa mlangoni kwetu, binti mgongoni, kitambaa safi kichwani. Bwana mwenyewe alitoka.

"Mama, hii dawa ya mbwa."

"Hapo juu wameandika wadudu," mama alisema bila kuinua sauti. "Mimi sijui kusoma, lakini huyu karani amenisomea. Huyu ana wadudu."

"Mbwa tu, mama. Mbwa."

"Mbwa yako amepona?"

"Ndiyo."

Mama akamshusha binti, akamsimamisha mbele ya bwana, akamfunua tumbo. "Basi mpe jina la mbwa," akasema. "Mimi sitakataa."

Nilitazama chini. Mkemia aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani atafoka, na mimi nilikuwa tayari kufoka naye, sijui kwa nani. Badala yake alichukua funguo, akatupakia wote kwenye gari lake na kutupeleka hospitali, uani kwa rafiki yake daktari, aliyekuwa akinywa chai. Walizungumza Kizungu kwa haraka. Daktari akaingia ndani, akatoka na chupa.

Ilikuwa dawa mpya ya minyoo, ndiyo kwanza imefika. Ilikuwa maji mazito, mekundu, matamu. Binti alifumba macho akijiandaa kutapika, akaonja, akafumbua macho, akalamba kijiko mbele na nyuma, akakishika asikiache.

"Ongeza," akasema.

Asubuhi iliyofuata mama aligonga mabati. "Karani! Karani! Kuja uone kwa debe!" Nilikuwa sijanywa chai. Nilikwenda nikaona, na alinilazimisha nione vizuri, kwa fahari, kama anayeonyesha mavuno.

Nilipomwambia bwana, alifurahi kweli. Kisha akaketi. Rafiki yake alikuwa amempa chupa nyingine ya dawa ile; akachovya kidole na kuonja.

"Sukari," alisema. "Sisi koti, wao sukari tu."

Tukatazama safu zetu za vidonge vinavyong'aa. Hakuna aliyetaja idadi ya asubuhi nilizochutama. Baada ya muda wakuu wake waliambiwa kwamba maabara ya kupima maua inafuga mbwa, wakaamuru waondolewe, nami nikarudi kusaga na kupiga chafya.

Ningevumilia hayo. Lakini mama alisimulia. Binti alinenepa mashavu na kupiga kelele siku nzima, ushahidi unaotembea, na kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta akina mama wameketi kwenye kizingiti na watoto wao.

"Si mimi," niliwaambia. "Nendeni hospitali. Dawa ilitoka hospitali."

"Tumeambiwa tuje kwako, daktari."

Nilimsihi mama awaeleze ukweli. "Nimeeleza," alisema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Wanasema hospitali hawatoi mpaka wewe uende nao. Na mimi nitasema si kweli?"

Niliandamana na wachache hadi hospitali. Wengine walipewa dawa, wengine waliambiwa imekwisha, na walioambiwa imekwisha walinitazama mimi, si dresa. Mtoto mmoja wa chumba cha mwisho cha landi alifariki, na si kwa minyoo, lakini mama yake alipita mlangoni kwangu bila kunisalimu.

Mwisho wa mwezi huo nilifunga sanduku langu. Nilimwambia bwana nimepata kazi Uganda, jambo ambalo halikuwa kweli bado. Mama alinisindikiza stesheni na sanduku kichwani, akikataa nilibebe, na binti akitangulia akipiga mawe kwa fimbo. Nilikuwa nimepanda na nimeketi dirishani wakati mwanamke nisiyemjua alipokuja akikimbia, akaninyooshea mtoto mchanga kupitia dirishani.

"Daktari, huyu anakohoa."

"Mimi si daktari, mama. Mpeleke hospitali. Leo."

"Sawa, daktari," alisema, akaendelea kumshikilia mtoto juu mikononi mpaka treni ikaondoka.