Maiti Akibisha Hodi

Sipendi kuulizwa kwa nini napenda filamu za zombi. Wanawake wa rika langu wanapenda mahubiri ya redioni na habari za saa moja. Mimi nipe maiti aliyetoka kaburini na kiatu kimoja, anayegonga nguzo za stima njiani, na watu wazima wanaomkimbia wakikanyagana. Na si zile za kutisha, hizo wapeni watoto wa bweni. Mimi nataka za kuchekesha. Siku hizi nikizitazama roho inaniuma kuliko mbavu, lakini bado nazitazama. Aliyenifundisha ni kaka yangu mkubwa, na kati yangu na yeye kuna kesi ambayo hakuna mzee wa kuiamua.

Nilipomaliza darasa la nane, baba alinitoa kijijini kwetu Myanga akanipeleka mjini Kitale nikakae na huyu kaka, nijifunze ushonaji. Yeye alikuwa mpakizi kwenye stoo ya mahindi. Tulikodi chumba kwa mama mmoja mzee. Yeye na mumewe walikuja zamani kutoka upande wa kati ya nchi, wakanunua ploti pale, wakazeeka. Alituita watoto wake na kutugombeza kama watoto wake. Jumamosi, stoo ikifungwa saa sita mchana, kaka alikung'uta vumbi la mahindi kichwani, akavaa jaketi lake jekundu, akaniambia, "Sista, twende tukaone marehemu."

Video, yaani sinema yetu, ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko. Tulikalia mbao zilizowekwa juu ya matofali, na madirisha yalizibwa kwa magunia. Mbele palikuwa na televisheni moja, na kando yake jamaa mmoja mwenye maiki, kazi yake kututafsiria. Kizungu chenyewe alikuwa hakijui vile, bana, alikuwa anajitungia tu. Zombi akinguruma, yeye anasema, "Sasa marehemu anauliza, ati mke wangu, mbona hii ugali imepoa?" Kibanda kizima kinalala chini kwa kicheko.

Filamu moja tuliirudia mpaka kanda ikaanza kukwama. Ilikuwa ya mwalimu aliyekufa wakati wa likizo. Shule inapofunguliwa anafufuka, anaenda darasani kuita rejista, taya linamdondokea mezani, wanafunzi wanatorokea dirishani. Akikosa wa kufundisha, anaenda kwake, anabisha hodi. Mkewe na mashemeji wanasukuma kabati kuzuia mlango. Hapo kibanda chote kilikuwa kinapiga kelele, "Funga! Funga mlango!" Mimi nilikuwa napaza sauti kuwashinda wote. Kaka yangu peke yake ndiye aliyekuwa anasimama na kupiga kelele za kinyume: "Fungua! Si ni kwake?" Watu walimrushia maganda ya miwa, na mimi machozi yalinitoka kwa kucheka.

Tukirudi alinifanyia ule mwendo. Mikono mbele, mguu wa kushoto anauburuta, kichwa kimeinama begani, ananifuata mpaka kwenye ploti huku nikipiga mayowe, na yule mama mzee anatoka na mwiko kutaka kujua nani anauawa. Siku moja nilimuuliza kaka, kwa nini wewe unamwonea huruma zombi? Akasema, "Hawa watu hawana ubaya. Wanaenda nyumbani tu. Mtu akikufa, kwingine atajua wapi? Shida ni wenye kubaki."

Nimeyawaza maneno hayo miaka mingi. Pale kibandani hapakuwa na mtu ambaye hakuwa amezika. Na kuzika kwetu unakujua: matanga, hotuba, mwenye maiki anayetangaza ratiba, shangazi anayeanguka kila gari likiingia, mchungaji anayekuuliza wewe utaenda wapi ukifa leo. Maiti kwetu ni mkubwa, hafanyiwi mchezo. Kumbe ndani ya mabati yale, kwa saa moja na nusu, maiti alikuwa mtu wa kawaida aliyepoteza kiatu. Na juu ya yote, alikuwa amerudi. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa ikituchekesha hasa. Nani pale hakuwa na mtu ambaye angetaka arudi, hata kama ananuka, hata kama taya limedondoka? Ndivyo nilivyojidanganya.

Mama alipofariki nilirudi Myanga kumpikia baba na kuuza vitunguu sokoni. Kaka alibaki Kitale, akawa anakuja Krismasi.

Halafu ukaja ule mwaka wa vurugu za baada ya kura. Nyumba za watu waliotoka kwingine, kama yule mama mzee, zilichomwa, na ploti yetu, ambako kaka bado alikuwa anakaa, ilikuwa mojawapo. Nilipiga simu ya kaka, ikawa ni yule mwanamke tu wa mteja hapatikani, asubuhi mteja hapatikani, jioni mteja hapatikani, hadi nikamchukia mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Barabara zilipofunguka, mpakizi mwenzake akatujia nyumbani. Akasema alimwona kwa macho yake, amelala nyuma ya ile ploti, jaketi jekundu, hasogei. Baba na mimi tukaenda tukazunguka vyumba vya maiti. Tulioneshwa watu ambao hata mama zao wasingewatambua. Tulirudi mikono mitupu.

Tukangoja. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yetu yaliuma. Baba aliacha kulala. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini kila ng'ombe akikohoa alisema ni mtoto wake anazurura bila kaburi. Kwetu mtu asipopatikana, kaburi linachimbwa na mgomba unazikwa mahali pake, atulie. Baba hakutaka kuamua peke yake. Mwaka ule ukielekea kuisha aliniita jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, akasema, "Mama, wewe uliishi naye. Wewe ndiye unamjua. Sema."

Nilikuwa nimechoka. Nitasema ukweli kwa sababu hakuna anayenilipa kusema uongo. Nilichoka kupiga ile simu, nilichoka kushtuka kila mbwa akibweka. Nilitaka kulia mara moja nimalize. Nikasema, "Tumzike, baba."

Tukauzika mgomba. Ulikatwa kwa kimo chake, ukafungwa shuka nyeupe, juu tukaweka shati lake. Majirani walitoa hotuba. Mmoja alisema marehemu alikuwa mpole sana. Mpole, yule! Pindo la shuka lilifunguka kidogo, nikaona utomvu wa mgomba unatiririka, na ghafla nikamsikia yule jamaa wa maiki, sasa marehemu anauliza, mbona hii shati haina vifungo? Kicheko kilinipanda hadi kooni. Nilijifunika leso, mabega yakitikisika, na wanawake wakanishika pande zote wakisema, lia mama, lia yaishe. Msalaba uliandikwa jina lake, ukasimama kando ya wa mama.

Miezi kumi na miwili na kidogo ikapita. Siku moja ya soko, mchana, jua kali, niko uani nachambua maharagwe. Mbwa hakubweka. Hicho ndicho kingepaswa kunishtua, mbwa kutobweka. Nikainua macho, kaka yangu amesimama langoni.

Amekonda, ndevu zimemjaa. Hakunisalimia kwanza. Alikuwa anasoma. Kutoka langoni unaiona misalaba yote miwili, na yeye alikuwa amekodolea ule wake macho kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Alisoma akamaliza. Halafu, kwa sababu ndivyo alivyozaliwa, hata mbele ya kaburi lake mwenyewe, akanigeukia, akanyoosha mikono mbele, akainamisha kichwa begani, akaanza kuja huku akiburuta mguu wa kushoto.

Mguu hakuwa akiuigiza. Baadaye ndipo nilijua kwamba ulivunjwa siku ile ya moto, akavushwa na gari la watu wanaokimbia hadi upande wa Uganda, ukaunganishwa vibaya. Simu ilipotea na nambari zote. Akafanya vibarua huko, akiona aibu kurudi mikono mitupu na mguu mbovu. Ati alitaka kuja na kitu! Hata salamu tu ilimshinda kutuma? Wanaume wa kwetu wataniua mimi.

Lakini hayo yote nilikuwa siyajui. Nilitupa ungo, maharagwe yakamwagika, nikaingia ndani nikafunga komeo.

Baba akatoka chumbani kwake. Alichungulia dirishani muda mrefu. Kisha akapaza sauti, "Simama hapo hapo!" Sauti ya kaka ikajibu, imevunjika kidogo, "Ni mimi, baba." Baba akasema, "Najua ni wewe. Rudi nje ya lango."

Mtu aliyekwisha kuliliwa haingii bomani hivi hivi. Lazima wazee waje, achinjiwe kondoo pale langoni, apakwe yaliyo tumboni mwa kondoo huyo, ndipo apite. Asipofanyiwa hivyo, kifo alichoandikiwa kitatafuta mwingine wa kubeba. Baba aliyasema hayo kwa upole, akapita mlango wa nyuma kwenda kuita wazee na kutafuta kondoo sokoni. Nikabaki mimi ndani na yeye nje.

Alinisikia napumua nyuma ya mlango, maana alikuwa amerudi uani tena, akaegemea. "Sista," akasema, "nina njaa. Fungua. Si ni kwetu?"

Sikumwogopa, tuelewane. Nilishajua ni mtu hai, mwenye damu, mwenye jasho, nilikuwa nalinusa. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Kilichonizuia ni kwamba akiingia atakaa, atakula, halafu atauliza lile swali: ni nani alisema nizikwe? Nikamjibu, "Ngoja wazee."

Akangoja. Alirudi akakaa nje ya lango, kwenye nyasi. Habari ilifika sokoni kabla ya baba. Watu wa bodaboda waliitana kwa simu, wanawake wakaacha nyanya zao, watoto wa shule wakaja mbio wakiimba zombi, zombi. Na yeye akawachekesha! Nilimsikia. Aliwafanyia mwendo, akanguruma, akajitafsiria mwenyewe, "Sasa marehemu anauliza, kwa hii matanga mliniwekea nyama kweli?" Kicheko kilipanda nje ya lango, kilekile cha kibandani, na mimi nimekaa sakafuni nimejiziba masikio.

Kisha mtu mmoja, sijui nani, mpaka leo sijamjua na nisimjue, akaanza kumhadithia mazishi. Akamweleza ya mgomba, ya shati na ya hotuba. Akasema, "Lakini usilaumu mzee. Mzee alikataa kuamua, alituambia mwenyewe. Ni dada yako alisema uzikwe."

Kicheko kikakatika. Nilingoja aseme kitu, anitukane, avunje mlango. Ningefurahi angeuvunja. Nilipopata nguvu za kufungua, kulikuwa na watu wamesimama wananitazama mimi, na mahali alipokuwa amekaa nyasi zimelala.

Baba alifika jioni na wazee wawili na kondoo. Kondoo alifungwa kwenye nguzo ya lango siku nne, akilia, tukimngoja mtu wa kuchinjiwa. Mwishowe tulimla Krismasi.

Nilienda Kitale kumtafuta. Ploti ya yule mama mzee ilikuwa imezungushiwa mabati mapya ya watu wengine, na kile kibanda kilikuwa kinauza simu. Kwenye stoo waliniambia alipita, akasalimia, akaenda njia ya mpakani. Niliacha nambari yangu kwa kila mtu mwenye masikio. Hakuna aliyepiga. Baba, miaka michache baadaye, akiwa kitandani haamki tena, alinishika mkono akasema, "Akirudi, mfungulie kwanza. Kondoo atakuja baadaye." Asante sana, baba. Maneno hayo ungeyasema siku ile. Na mimi pia ningeyasema, komeo lilikuwa mkononi mwangu, si mwako.

Ile filamu ya mwalimu niliipata kwenye sidii, na sasa watoto wangu, niliowapata baadaye, wameishika kwa moyo. Jumapili tukitoka kanisani wananiomba niwawekee. Mwalimu anapofika kwake na kubisha hodi, na mashemeji wanaanza kusukuma kabati, watoto wanasimama juu ya viti na kupiga kelele, "Funga! Funga mlango!" Na mimi huku nyuma, na ungo wa mchele mapajani, napiga kelele kuwashinda wote, "Fungueni, wajinga nyinyi! Ni kwake!" Wananigeukia wakicheka mpaka wanaanguka. Wanasema mama anachekesha kuliko zombi mwenyewe.