Msiba wa Chambo

Kazi yake ilikuwa kuwadanganya watu kwa ruhusa ya mwajiri. Alikuwa na kitambulisho shingoni na kiti cha kuzunguka kama wenzake, na kila baada ya wiki chache alitunga uongo mpya, akautuma kwa barua pepe kwa wafanyakazi wote wa shirika la bima, kisha akatulia kuangalia nani atanasa. Ndiyo maana wakamwita Chambo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kibao cha mlangoni. Midomoni mwa watu lilikwisha kufutika.

Aliajiriwa baada ya matapeli kuingia kwenye kompyuta za shirika na kuiba taarifa za wateja: magonjwa yao, anwani zao, hata majina ya watoto wao. Karani mmoja tu alikuwa amebofya kiungo asichokijua, na hilo likatosha. Wateja wakaanza kuhama. Wakubwa wakachachawa, wakataka ufanyike utafiti: wafanyakazi wanamwamini nani, na ni kitu gani huwafanya wabofye bila kufikiri? Mwanzoni wafanyakazi walimpenda. Alipita na maswali yake meza kwa meza, wakamvutia kiti, wakamwambia hata asiyowauliza. Mama Mapokezi, mwanamke wa makamo aliyekaa kwenye meza ya kupokea wageni na kujua habari za kila mtu kuanzia bosi hadi mlinzi wa getini, alikuwa akimmiminia chai kabla hajavua koti.

Halafu ikaja mitego. Ujumbe wa nyongeza ya mshahara ulinasa wengi, wakajicheka wenyewe, yakaisha. Ule wa kifurushi kilichokwama posta ulinasa wachache. Lakini mtafiti ni mtu wa kuchokonoa, na huyu alichokonoa hadi pabaya. Alitaka kujua ni kitu gani kinaweza kumfanya hata mtu mwangalifu asahau uangalifu wake. Akatunga tangazo: mwenzetu mmoja amefiwa, bofya hapa uone mazishi ni wapi na lini. Karibu shirika zima lilibofya. Kwenye skrini zao pakatokea maandishi mekundu: huu ulikuwa mtihani, umenaswa, tafadhali hudhuria mafunzo.

Kwa utafiti, yalikuwa matokeo safi kabisa. Kwa Chambo, ulikuwa mwisho wa chai. Mama Mapokezi alikuwa ameshalia kwa ajili ya fundi wa umeme, ambaye mkewe alikuwa mgonjwa, akidhani ndiye aliyefiwa. Alipanda ngazi mwenyewe hadi ofisini kwa Chambo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mishahara aichezee, vifurushi avichezee, lakini kwenye vifo hakuchezewi. Chambo akajitetea: matapeli hawana adabu hiyo, sasa yeye akiwa nayo atawafundisha nini? Alikuwa na hoja. Mama Mapokezi akashuka ngazi bila kuaga.

Baada ya hapo wakamtoa kwenye kundi lao la simu. Akiingia chumba cha kulia, mazungumzo yanakauka. Akisema habari za asubuhi, anaangaliwa kwanza usoni, kana kwamba hata salamu yake ina kiungo ndani. Wenyewe waliona ni utani tu. Yeye akawa anakula mezani kwake, akijiambia kwamba watu wamejifunza. Na kweli walijifunza. Aliwawekea kitufe cha kuripoti: ukiutilia shaka ujumbe wowote, usijibu, usibofye, bonyeza hapo utamfikia yeye. Aliwafundisha na dalili za mtego, kwa picha na mishale: haraka, huzuni, kiungo, ombi. Kila alipotega, walibonyeza kitufe. Bosi akafurahi kuliko wote.

Nyumbani alikuwa na mama yake tu. Walihamia mji huu kwa ajili ya kazi hiyo. Dada yake alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku tatu kwa basi, na majirani wa ghorofa lao walikuwa watu wa kupishana kwenye ngazi. Mama alikuwa mtu wa kumwamini kila anayepiga simu. Kuna tapeli aliwahi kumpigia kumwambia ameshinda zawadi. Mama akamuuliza kama ameshakula, akamsimulia habari za mgongo wake, akataka kujua watoto wake wanasoma wapi, mpaka tapeli mwenyewe akaaga kwa heshima na kukata simu. Mwanawe alicheka siku nzima. Jioni moja mama alimtaka amweleze vizuri hiyo kazi yake. Akamweleza: nawatumia watu uongo ili wengine wasije wakawadanganya.

"Na wakishajua ni wewe," mama akauliza, "bado wanakusalimia?"

"Wananisalimia, mama."

Hapo napo alidanganya, na kwa uongo huo hakuna aliyemlipa.

Mama alifariki Alhamisi mchana, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Dada akasema kwenye simu, kwa kilio, kwamba hata akipanda basi sasa hivi hatawahi mazishi. Chambo akabaki kwenye korido, amesimama kati ya watu waliokuwa na ndugu zao, hajui ageukie wapi. Alichotaka kilikuwa kidogo sana. Alitaka watu wa kubeba jeneza pamoja naye, watu wanaomjua japo kwa jina la utani, ili mama asishushwe kaburini na mikono ya kukodi.

Namba zao za simu hakuwa nazo tena tangu wamtoe kwenye kundi. Bosi alikuwa safarini. Likizo ya dharura aliiomba kwenye mfumo, na mfumo ukaikubali papo hapo bila kumuuliza kulikoni. Basi akaegemea ukuta, akaandika barua pepe kwa simu yake: Wapendwa wenzangu, mama yangu mzazi amefariki leo. Tunamzika Jumamosi asubuhi. Ramani ya kufika makaburini iko hapa chini. Tafadhali njooni. Akautuma kwa wote. Angekuwa na akili zake siku hiyo angeona alichokiandika: haraka, huzuni, kiungo, ombi. Lakini nani anakuwa na akili zake siku hiyo?

Jumamosi alifika makaburini mapema. Dereva wa gari la maiti alikuwepo, wachimbaji walikuwepo. Mchimbaji mmoja, mzee kidogo, akamuuliza kwa upole kama wawasubiri wengine. Akasema wasubiri. Wakasubiri. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani alilitazama mpaka likapita. Jua lilipoanza kuwa kali, mchimbaji yule akaweka sepeto chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akashika upande mmoja wa jeneza bila kuambiwa. Dereva na wenzake wakafuata. Chambo alimzika mama yake na watu hao, akawashukuru mmoja mmoja, na njia nzima ya kurudi alikuwa na uchungu na wenzake. Alijua wanamchukia. Hakujua kwamba ni kiasi hicho.

Jumatatu akafungua kompyuta, akakuta sanduku la ripoti limejaa. Karibu wote walikuwa wamebonyeza kitufe, kama alivyowafundisha. Wengine waliongeza na maneno. Safari hii hutupati, aliandika karani mmoja. Dalili zote nne zipo, tupe maksi zetu, aliandika wa idara ya madai. Mama Mapokezi naye alikuwa ameandika: Wewe kijana huna haya, unamuua mama yako mzazi ili utunase sisi? Akaisoma hiyo mara nyingi. Kumbe hawakumkatalia. Hawakumwamini tu, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lina nafuu.

Mchana bosi, aliyekuwa amerudi, aliwaita wote ukumbini. Alikuwa na furaha isiyofichika. Akasema katika utafiti wote hakujapata kutokea mtego mkali kama ule wa Alhamisi, na hakuna hata mmoja aliyebofya. Sasa wateja wanaweza kulala usingizi. Akamtaka Chambo asimame awaeleze wazo lile alilitoa wapi.

Chambo akasimama. "Haukuwa mtego," akasema. "Mama yangu amefariki kweli. Nilimzika Jumamosi."

Watu wakatazamana, kila mmoja akingoja kuona nani atakuwa wa kwanza kuingia mkenge. Kisha karani yule, kutoka nyuma, akasema, "Hatubofyi, Chambo," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bosi naye akacheka mpaka akavua miwani. Akasema mnaona jinsi alivyo huyu, hata kwenye mkutano anatupima, mpigieni makofi. Wakampigia. Kwenye mkoba alikuwa na kibali cha mazishi, chenye mhuri na sahihi, lakini ni yeye huyohuyo aliyewafundisha kwamba mhuri unatengenezwa kwa dakika mbili. Akakaa chini. Hakuwahi kujiona peke yake namna ile, hata pale makaburini.

Mkutano ulipokwisha alikuwa wa mwisho kutoka. Mama Mapokezi alikuwa amesimama koridoni, mkoba wake begani, anamtazama macho, halafu shati ambalo halikupigwa pasi, halafu tena macho.

"Kaburi liko wapi?"

Akataja mahali. Akatoa simu mfukoni. "Ngoja nikutumie ramani, mama."

Mama Mapokezi akaifunika simu ile kwa kiganja chake.

"Usinitumie kitu. Nipeleke."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Chambo akarudisha simu mfukoni. "Kwa hiyo umeniamini."

"Sijasema nimekuamini," akasema Mama Mapokezi. "Nimesema nipeleke."