Bwana Afya Hajapata Choo

Kwa huzuni kubwa, na kwa niaba ya kila mwenye meno katika mji wa Bariadi, umma unatangaziwa kwamba Mzee Ndaki Mashimba, mchinjaji kwa miaka thelathini na moja, mtu aliyewahi kumwangusha dume la ng'ombe huku akitafuna muwa, anaogopa. Bucha limefungwa, gogo la kukatia nyama limekauka, nzi wametawanyika kutafuta ajira kwingine. Umma unaombwa kuwa mtulivu na kula dagaa.

Kinachomwogopesha kina kilo mbili na masikio marefu.

Sungura huyo aliletwa buchani mkesha wa Krismasi, miaka minne iliyopita, na mteja aliyetaka achinjiwe. Ndaki akamlaza kwenye gogo, akanyanyua kisu. Mnyama, badala ya kuhangaika kama wenye akili zao, akakinusa kisu, akalinusa gogo, akalinusa koti jeupe la Ndaki, na ilionekana wazi kwamba hakuridhika. Ndaki alicheka mpaka kisu kikashuka chenyewe. Mteja aliambiwa sungura katoroka, akafutwa machozi kwa mbavu za mbuzi.

Nyumbani akapewa jina la Bwana Afya, kwa sababu, kama yule bwana afya wa kata anayekagua mabucha, aliingia kila chumba bila hodi, akanusa pembe zote, kisha akaondoka na kitu mdomoni. Tangu watoto wahame nyumbani, kila jioni hulala juu ya mguu wa kushoto wa Ndaki wakati wa taarifa ya habari. Milembe, mkewe, anasema mumewe hajawahi kutulia hivyo hata kanisani.

Basi Jumatatu asubuhi Bwana Afya hakutoka kwenye boksi lake. Matembele ya jana yalikuwa vilevile. Amejikunja, mgongo juu, macho nusu, anasaga meno taratibu kama mtu aliyekula mchanga. Ndaki akapekua boksi zima, hakukuta hata punje moja ya mavi. Sungura mzima hukunya kutwa kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na hapa boksi lilikuwa safi kama altare. Usafi ule ulimtisha.

Maana Ndaki anakijua kifo kuliko paroko. Anaijua ile dakika ambapo jicho linabaki wazi na mwenyewe kashaondoka. Ameiona mara maelfu, akipiga mluzi. Sasa ilikuwa inamchungulia kutoka kwenye boksi la sabuni, na mluzi ukagoma.

Alikimbilia duka la dawa za mifugo. Muuzaji akatoa chupa ya sindano za ng'ombe, wakaisoma lebo pamoja kwa kidole: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Sungura hayumo. Muuzaji akashauri wakadirie tu, wamhesabu kama mbuzi mdogo sana. Ndaki, ambaye maisha yake yote amekadiria kilo za watu, kwa mara ya kwanza aliogopa kukadiria.

Akampigia simu Elizabeth, afisa mifugo, aliyekuwa kijijini Nkoma akichanja ng'ombe. Elizabeth akaikataza kabisa ile sindano. Akauliza mgonjwa anakula nini, akaambiwa. Akauliza analalia nini.

"Pamba," alisema Ndaki, kwa majivuno kidogo. "Ya kwa shemeji zangu. Safi, daraja la kwanza."

Elizabeth akapaza sauti juu ya mlio wa ng'ombe wa Nkoma.

"Mzee wangu, anaila hiyo pamba. Ndiyo iliyomziba."

Basi ni yeye. Kwa mkono wake, kwa upendo, alikuwa amemtandikia mnyama kifo laini. Aliyasikia maelekezo yaliyofuata kama mtu anayesomewa hukumu: pamba yote itoke, ziwekwe nyasi kavu, maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, apashwe joto, atembezwe, tumbo lipapaswe kwa vidole viwili tu, kama mtu anayegusa jicho la mtoto. Akipata choo, amepona. Asipopata mpaka kesho mchana... Hapo simu ikakatika. Ndaki hakupiga tena. Hakutaka kuusikia mwisho wa sentensi hiyo.

Akapita buchani, akachukua chaki na kuandika kwenye ubao wa bei: LEO HAKUNA NYAMA. BWANA AFYA NI MGONJWA SANA, HAJAPATA CHOO. Akaona ameeleza vizuri, akaenda zake.

Nyumbani, Milembe alimshika sungura kwenye kitenge, na Ndaki akaweka vidole. Mikono ile ilijua tumbo kwa ndani. Kwa nje, likiwa na joto, na moyo unadunda juu yake kama saa iliyoharibika, haikujua lolote. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu, kama kokwa. Akikibonyeza, atampasua. Akikiacha, kitamuua. Jasho likamdondoka mpaka kwenye masikio ya mgonjwa.

Alasiri akaja Mabula, mchinjaji mwenzake, akasalimia Kisukuma, "Mwadila," akavua kofia. Si kwa huzuni, ila ilikuwa inamzuia kuona vizuri.

"Ngosha, mchinje sasa," alisema, kwa upole kabisa. "Baadaye ni kibudu, hata mbwa atakisusa."

Mabula alipoondoka, Ndaki akamwambia mkewe avitoe visu vyote nyumbani, avipeleke kwa jirani. Vyote, hata cha nyanya. Milembe akamtazama.

"Akianza kulia kwa maumivu," Ndaki alisema, "huu mkono unajua njia moja tu ya kumsaidia."

Milembe, ambaye hucheka hata misibani, alivibeba kwenye ndoo bila kucheka. Siku hiyo nyanya zilipasuliwa kwa vidole.

Asubuhi ya Jumanne masikio ya Bwana Afya yalikuwa ya baridi. Maji yakaingia upande huu wa mdomo, yakatokea upande wa pili. Ndaki akampandisha juu ya mguu wake wa kushoto, akakaa hivyo saa nzima bila redio, akiogopa kutazama chini na akiogopa kutotazama.

Mjini nako ubao ulikuwa umesomwa. Wachinjaji walimwombea sana yule bwana afya wa kata. Wengine waliombea apone. Danford, bwana afya mwenyewe, aliyekuwa ametoka semina ya Maswa akiwa na afya tele, alishangaa kushikwa bega sokoni na kushauriwa ale papai. Alipoambiwa ni bucha gani limefungwa kwa ajili yake, akaenda moja kwa moja kwa Ndaki.

Wakati anapiga hodi, Bwana Afya mwingine alishuka kwenye mguu, akaruka mara moja, akaruka tena, akasimama, akajikaza. Ndaki akapiga magoti.

Danford akaingia na koti lake la kazi, akamkuta mzee amepiga magoti, akaguswa zaidi.

"Mzee Ndaki," alisema. "Miaka tisa nimewafungia watu mabucha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga la kwake kwa kunihurumia mimi. Nimesoma ule ubao, mzee wangu, nimelia."

Sakafuni, mbele ya Ndaki, zililala punje tatu nyeusi, zimeshikana kwa uzi mmoja mwembamba wa pamba, kama rozari.

"Ameshakunya," alisema Ndaki.