Samli ya Mama Iliyoishia Uwanjani

Mwanangu, naikumbuka siku niliyomfuata kaka yangu Athmani Uingereza, nami bado kijana. Alikuwa hajakanyaga kwetu Siyu miaka mingi, karatasi zake za ukaazi hazijakamilika, na kila akipiga simu aliulizia samli ya mama. Basi mama akasuka maziwa, akaipika siagi, akanijazia kopo.

Kwenye ofisi ya ndege niliuliza. Wakaniambia nisipande nayo mkononi, kwani samli huhesabiwa pamoja na vitu vya majimaji. Niifunge vizuri, niitie kwenye sanduku kubwa. Nikaridhika. Sikujua kwamba ndege kukubali ni jambo moja, na nchi kukubali ni jingine.

Tuliposhuka, niliona ukutani picha ya maziwa imepigwa mstari mwekundu. Ningeweza kupita kimya, na kaka yangu alikuwa akinisubiri nje ya mlango wa kutokea. Lakini nikamwendea afisa wa forodha, nikafungua sanduku, nikamfunulia na kopo.

"Imetengenezwa nyumbani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Na mama yangu."

Akashusha pumzi. "Pole sana. Vyakula vya maziwa kutoka kwenu haviruhusiwi kuingia. Umesema mwenyewe, kwa hiyo nenda kwa amani. Kopo litabaki."

Athmani aliponiona sina kitu hakulalamika. Alinishika viganja, akavinusa, kisha akageukia upande.

Siku ya pili akanunua siagi dukani, tukampigia mama simu.

"Athmani mwanangu, moto uwe mdogo. Usitoke jikoni," sauti yake ikajaa chumbani. Mama akaendelea kumweleza povu linavyotulia na rangi inavyogeuka, mara akaingiza habari za ng'ombe na za majirani. Kaka akasimama na mwiko mkononi, anasikiliza tu.

"Mama, imeungua."

"Basi anda tena, anza upya, baba. Mimi nipo."

Mama hayupo tena. Hadi leo siagi ikianza kuchemka, mimi hupunguza moto, wala sitoki jikoni.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujafunga samli, jibini au mtindi, waulize watu wa ndege, kisha uulizie sheria za nchi uendayo. Ukiwa na shaka, onyesha, usifiche. Na kabla ya safari, kaa jikoni na mama yako hadi ujue kupika anachopika yeye. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, na kila ukipiga simu nyumbani, akujaalie umkute wa kuipokea.