Pipa la Baba Mkwe

Palikuwa na fundi rangi mmoja, mpole kama maji ya mtungini, aliyemuoa binti wa mwenye nyumba za kupangisha. Akapewa mke, akapewa na chumba cha kukaa bure, na juu yake kazi ya kupaka vyumba vya mkwewe. Jamani, cha bure huja na kamba yake.

Mkwe hakununua rangi. Aliomba masalio huku na huko, akayamimina yote katika pipa moja uani: nyekundu ya duka, kijani cha zahanati, buluu ya shule. Ukikoroga unapata rangi ya tope lililolala. Hiyo ndiyo iliyopakwa kila ukuta, hata ule aliolala chini yake fundi na familia yake.

Siku moja akaja mwalimu wa Kiingereza kutazama chumba. Alisimama mlangoni, akaguna: "Drab."

Fundi akauliza ndiyo nini hiyo. Mwalimu, kufundisha kukiwa ndani ya damu yake, akamweleza kuwa ni kitu kilichopooza, hakichukizi wala hakipendezi, jicho linakipita kama halikukiona. Nguo huitwa hivyo, ukuta pia.

"Na mtu je?"

"Mtu, si sana. Maisha yake, ndiyo."

Neno likamchoma fundi kama mwiba. Mwalimu akasema atahamia chumba kikipakwa njano, na kesho yake akaleta makopo mawili ya rangi hiyo. Fundi akayafungua. Tangu aoe hakuwahi kupaka rangi yenye jina.

Alikuwa amemaliza ukuta mmoja mkwe alipoingia. Hakufoka. Alisema tu kwamba wapangaji wengine wakiona, nao watadai. Kisha, taratibu:

"Mwanangu, nani kakupa pa kulala?"

"Ni wewe, baba."

"Basi mimina."

Fundi akamimina njano iliyobaki pipani. Moyoni alijipa tumaini kwamba labda italichangamsha pipa zima. Akakoroga. Njano ikachora mistari, ikazunguka kidogo, ikamezwa.

Mwalimu akapata chumba kwingine. Jioni mke akamuuliza mumewe mbona kimya. Fundi alitaka kumwambia wahame. Akamtazama mtoto wao aliyelala, akasema amechoka tu.

Asubuhi akachovya brashi pipani, akarudi kwenye ule ukuta wa njano. Mkono wa kwanza wa rangi haukutosha; njano ilichungulia. Akapaka wa pili.