Ngozi ya Nyanya

Nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, tulimzika nyanya yangu kule Namoruputh. Siku chache baadaye tukaanza safari ya kurudi Lodwar kwa miguu, tukitumaini kupata lori njiani: mimi, mdogo wangu Ekai wa miaka mitatu, na mama mdogo Nakiru, aliyetulea. Nakiru alibeba mgongoni ngozi ya ng'ombe ambayo nyanya aliilalia miaka yote. Alikuwa akiwapelekea wazee wa ukoo waitakase. Nyumbani tuliamini kwamba ukiilalia ngozi ya marehemu kabla haijatakaswa, mwenyewe hurudi kukuchukua.

Lori halikuja. Ilikuja mvua, na baada yake upepo kutoka milima ya Loima. Watu hudhani Turkana hakuna baridi. Hawajalala nje wakiwa wamelowa. Kufikia jioni Ekai alishikwa na homa, meno yakawa yanagongana.

Nakiru alijua mbinu za wachungaji. Alichimba mchangani shimo la urefu wa mtu, akakoka moto humo kwa kuni chache kavu alizozipata chini ya mwamba, kisha akayafukia makaa na kutulaza juu yake. Joto likapanda mgongoni. Akapasha mawe, akayafunga kwa kitambaa, akayaweka miguuni pa Ekai. Lakini mchanga ulikuwa na maji. Haukukawia kupoa, na kuni zilikuwa zimekwisha.

Ngozi ilikuwa pale, imekunjwa, kavu ndani. Hakuna aliyeitazama.

Nikasema, "Mama, mfunike nayo."

"Unajua unachosema?"

"Ekai anakufa."

Akaikunjua. Akajilaza juu yake yeye mwenyewe, chali, akampandisha Ekai kifuani, akajikunjia pande za ngozi mbavuni, akatufunika sote kwa shuka.

"Asiiguse, na wewe usiiguse," akasema. "Nyanya yenu akimtaka mtu, anikute mimi."

Sikulala. Kila Nakiru aliponyamaza sana nilimfinya, naye akajibu, "Niko."

Alfajiri Ekai alitoka jasho, akaomba maji.

Mvua za mwaka uliofuata, Nakiru aliugua tumbo, akafa kabla hatujamfikisha hospitalini. Kwenye msiba watu walinong'ona juu ya ngozi. Shangazi mmoja aliniuliza nani alitoa wazo la kuikunjua. Nikasema sijui.

Sasa mimi ni mwalimu kule Kakuma. Wanafunzi wakiniuliza mambo kama haya, nawaambia maradhi ndiyo yanayoua. Naamini hivyo mchana. Kuna saa nyingine siamini. Ekai anaendesha bodaboda Lodwar, ana watoto wawili, na sijawahi kumsimulia. Nimeamua kumwambia likizo hii. Mimi ninaweza kubishana na imani ile mpaka kesho. Nakiru hakuwa na shaka nayo hata kidogo, na alijilaza pale.